Nyimbo zilizonisisimua sasa hazinigusi. Niache jukwaa, au ninaumwa?

*Swali: Nina miaka 36, naishi Mukono. Tangu sekondari huko Jinja nimekuwa mtu wa tamthilia za muziki, zile ambazo mhusika akizidiwa na maneno anaimba. Miaka tisa iliyopita nilijiunga na kikundi cha Kampala. Tunatoa michezo miwili kwa mwaka. Miaka mitano sasa mimi ni mweka hazina, na miwili ya mwisho ndiye ninayefundisha nyimbo pia. Mchana nafundisha MDD (muziki, ngoma na maigizo) katika shule tatu, nalipwa kwa kila shule. Zamani wimbo wa ufunguzi ukianza, mwili ulinisisimka. Sasa nasikia tu nani kaingia mapema na maikrofoni ipi inakwaruza. Ni mwaka na nusu. Usiku nacheza zile rekodi nilizozipenda nione kama nitahisi kitu; wapi! Kanisani bado naimba sauti ya pili na nafurahi, timu ya taifa ya mpira, Cranes, ikicheza bado napiga kelele, na siku zisizo na mazoezi nalala vizuri. Mume wangu anasema nimekua. Kaka yangu anasema hatimaye mambo ya wazungu yamenitoka kichwani. Rafiki niliyekuwa nikiimba naye, ambaye sasa anafanya kazi Dubai, anasema nipumzike tu, itarudi. Binti yangu wa miaka saba ameniuliza mbona siimbi tena nikiosha vyombo. Mazoezi ya mchezo mpya yanaanza baada ya wiki sita. Niache? Au ninaumwa?*

Dada, nianze na lile la mwisho, maana ndilo zito. Kwa haya uliyoyaeleza sioni ugonjwa. Upo ugonjwa unaofanana na hali yako, na nitaueleza mbele ili uutambue ukija, lakini huo hauchagui. Ukimshika mtu haumwachii kwaya ya kanisa na mpira wa Cranes. Kwako taa imezimika chumba kimoja; nyumba nzima ina umeme. Fundi akiitwa kwa hali hiyo haanzi na mita, anaanza na swichi ya chumba hicho.

Kabla ya hapo, tuondoe maneno ya watu. Mume wako anasema umekua, na ana chembe ya ukweli. Nyimbo tunazokutana nazo kati ya miaka kumi na thelathini hivi hukaa kwenye kumbukumbu kwa namna ya pekee, na mtu wa miaka 36 akijilinganisha na alivyokuwa na 17 anajionea bure. Msisimko wa mwili wenyewe hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Wako wapenzi wa muziki wa kweli ambao hawajawahi kuusikia. Lakini kukua hakueleweki kama sababu ya kupoteza kitu kimoja huku kwaya ikibaki. Kwaya nayo ni muziki, nayo umeimba tangu udogoni, na kule hujakua?

Kaka yako amekosea zaidi. Kuimba hadithi jukwaani hakukuja Uganda na ndege. Jumba la taifa la maigizo lilifunguliwa Kampala mwaka 1959, na kabla haijapita miaka mingi Byron Kawadwa alikuwa akiwajaza watu mle kwa michezo ya Kiganda yenye nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Mchezo wake wa Oluyimba lwa Wankoko ndio uliokwenda Lagos mwaka 1977 kwenye tamasha la FESTAC, na muda mfupi baada ya kurudi nyumbani aliuawa, enzi za Idi Amin. Mtu hauawi kwa jambo la wazungu lililopita kichwani mwake. Namtaja kwa sababu nyingine pia, ambayo inahusu tatizo lako: michezo ile ilichezwa na wapigaji waliokuwa hai, mbele ya waimbaji, na hilo tutalirudia.

Rafiki yako wa Dubai ndiye aliye karibu na ukweli, ila ushauri wake haujakamilika. Kupumzika huponya uchovu. Hakubadilishi mpangilio uliouleta. Ukipumzika miezi mitatu kisha ukarudi kwenye daftari lilelile la fedha, kiti kilekile cha mwalimu wa nyimbo na, kama mnautumia, muziki uleule wa kurekodiwa, utadumu labda wiki mbili.

Sasa swichi yenyewe.

Furaha ya muziki kwa sehemu kubwa ni kazi ya kutabiri. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal wakiongozwa na Valorie Salimpoor walipima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza nyimbo walizozichagua wenyewe. Waliona kwamba dopamini, ile kemikali inayohusika na hamu na raha, hutoka mara mbili na mahali pawili tofauti: kwanza sekunde chache kabla ya kilele cha wimbo, msikilizaji anapokingoja, halafu kwenye kilele chenyewe. Maana yake ni kwamba nusu ya utamu iko kwenye kungoja. Kungoja nako kunataka uhakika kidogo na wasiwasi kidogo. Wimbo usioujua kabisa hauna cha kungojea. Wimbo unaoujua mpaka pumzi ya mwimbaji hauna cha kukushtua. Utamu uko katikati, na kila unaporudia unasogea kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Piga hesabu yako. Tuseme mchezo mmoja una wiki nane za mazoezi, jioni nne kwa wiki, kisha maonyesho sita. Hizo ni jioni 38. Michezo miwili kwa mwaka, miaka tisa, unafika jioni 684. Na tamthilia hizi zina kiunzi kinachofanana kuliko watazamaji wanavyodhani. Wimbo wa ufunguzi unaotambulisha ulimwengu. Baada yake kidogo, mhusika mkuu anaimba anachokitaka. Kabla ya mapumziko, wote jukwaani na sauti juu. Karibu na mwisho, wimbo mmoja wa kuangusha ukumbi. Watu wa Broadway waliuita wimbo wa saa tano, kwa kuwa zamani maonyesho yalianza saa mbili na nusu usiku na wimbo huo ukaangukia saa tano. Kisha vipande vya mwanzo vinarudiwa kwa maneno mapya ili tulie. Kiitikio cha mwisho hupandishwa hatua moja au nusu. Wewe unajua kinapandishwa kwenye pigo lipi, na nani atashindwa kukifikia. Mtazamaji aliyelipa tikiti hajui, ndiyo maana yeye anasisimka na wewe unakunja uso.

Hili si ubaya wako, ni ujuzi. Ila ujuzi una gharama, na gharama hiyo hulipwa na sikio. Kuna kusikiliza kwa kupokea na kuna kusikiliza kwa kukagua. Aliyepewa kazi ya kukagua hubadili kabisa kile anachokitafuta: anatafuta kosa. Na anayetafuta kosa hulipata, hata siku ambayo kikundi kimeimba vizuri kuliko siku zote. Ulivyoandika swali lako umelitaja jambo hili bila kujua: unasikia nani kaingia mapema na maikrofoni ipi inakwaruza. Kanisani unaimba sauti ya pili, mtu mwingine ananyanyua mkono kuwaongoza, hakuna anayekuuliza pesa za vitambaa. Ni koo lilelile na masikio yaleyale. Kilichobadilika ni kiti unachokalia.

Halafu kuna muziki wa kurekodiwa. Vikundi vingi vya kujitolea hapa huimba juu ya rekodi, kwa kuwa kulipa wapigaji kumi na kuwasafirisha usiku ni gharama isiyobebeka. Sivilaumu. Lakini rekodi haimngoji mtu. Mwimbaji akitaka kushika noti sekunde moja zaidi kwa sababu leo ukumbi umenyamaza, rekodi inamwacha. Matokeo yake kila usiku ni uleule, kwa kasi ileile, na ile nafasi ndogo ya kushtukizwa iliyokuwa imebaki kwa mtu anayeujua wimbo inafungwa. Linganisha na bakisimba, ngoma ya Buganda: mpiga ngoma anamtazama mchezaji kiunoni, mchezaji anamsikiliza mpiga ngoma, na hakuna siku mbili zinazofanana. Anayecheza ngoma hiyo kwa mara ya elfu bado hajui kwa uhakika nini kitatokea. Kama kikundi chenu kimehamia kwenye rekodi miaka miwili mitatu iliyopita, angalia tarehe. Huenda zinakaribiana na mwanzo wa tatizo lako.

La tatu ni malipo, na hapa naomba unisikilize mpaka mwisho. Kuna jaribio la mwaka 1973 la Mark Lepper na wenzake, lililofanywa kwa watoto wadogo wa Marekani waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Walichora, wakapewa. Baada ya wiki moja au mbili, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, watoto wale walichora kwa muda unaokaribia nusu tu ya wenzao. Walioshtukizwa na cheti bila kuahidiwa hawakupungukiwa na kitu. Kwa hiyo pesa yenyewe si sumu. Kinachopunguza hamu ni mapatano ya kabla: nifanye hiki ili nipate kile. Mashindano ya MDD ya shule yana mapatano hayo mara mbili, malipo yako na alama za waamuzi. Kila wimbo unaoufundisha mchana una karatasi ya alama nyuma yake. Jioni unapanda takisi kwenda Kampala kufanya kazi ileile bila malipo, na ubongo wako, ambao si mjinga, unauliza: hii ya jioni ni ya nini?

Sikuambii uache shule. Ada za watoto hazilipwi kwa msisimko. Nakuambia uyatenganishe yale mawili, na nitasema jinsi.

Rafiki wa Dubai tumpitie haraka, ingawa si jambo dogo. Watu wengi wakisema wanapenda jukwaa, nusu ya wanachokisema ni mtu fulani aliyesimama kulia kwao. Kuimba pamoja huoanisha pumzi, na pumzi zikioana watu hupendana. Akiondoka huyo, wimbo unabaki na pengo lenye umbo lake. Kama aliondoka karibu na wakati hali hii ilipoanza, sehemu ya unachokiita kupoteza hamu ni kumkosa mtu. Mpigie, lakini msiongee kuhusu kikundi.

Na jambo la mwisho kwenye swichi, ambalo unalifanya mwenyewe kila usiku: kujipima. Mwaka 2003 Jonathan Schooler na wenzake waliwasikilizisha watu muziki wa Stravinsky. Walioagizwa wajitahidi kufurahi, na wale waliokuwa wakijipima furaha yao wakati wakisikiliza, walifurahi kidogo kuliko walioachwa wasikilize tu. Ni kama kuamka usiku kila nusu saa kuangalia kama umelala. Zile rekodi zako za zamani umezigeuza kipimo cha homa. Ukiendelea hivyo utaziua kabisa, na hizo ni akiba.

Sasa ugonjwa, kama nilivyoahidi. Sonona, ambayo wengi huiita msongo au huzuni ya muda mrefu, ina dalili kuu mbili: moyo mzito, na kukosa raha katika mambo yaliyokuwa yakikupendeza. Jiulize kuhusu wiki mbili zilizopita, siku kwa siku. Je, siku nyingi zaidi ya nusu sikuwa na hamu ya karibu kila kitu? Je, siku nyingi zaidi ya nusu nilikuwa na huzuni au kukata tamaa? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linatosha kwenda kumwona mtu, hasa likiambatana na usingizi uliovurugika, chakula kisichopita au kupita kiasi, mwili mzito na kujiona huna thamani. Likija wazo la kujidhuru, usingoje wiki mbili; nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Kwa aliye Mukono, anzia kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali ya serikali iliyo karibu, uulize muuguzi au afisa wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki hiyo, na hospitali ya taifa ya afya ya akili, Butabika, iko Kampala. Watu hulikwepa jina la Butabika kana kwamba kuingia getini ni kuandikwa kichaa. Kliniki yake ya wagonjwa wa nje huhudumia watu wanaotoka kazini na kurudi kazini.

Wala usifikiri sonona ni maneno ya vitabu vya mbali. Watafiti walipokwenda Masaka na Rakai mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwakuta wanavijiji wana majina yao wenyewe, okwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia kusikoisha. Tiba iliyojaribiwa kule haikuwa vidonge. Yalikuwa makundi ya kuzungumza, dakika 90 kwa wiki kwa wiki 16, yakiongozwa na watu wa huko waliofunzwa, na yalipunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Inatibika, na inatibika hapa.

Kuna jirani wa sonona ambaye anakuhusu zaidi: uchovu wa kazi. Shirika la Afya Duniani linauelezea kwa mambo matatu, kuishiwa nguvu, kuiona kazi kwa dharau au kwa umbali, na kuhisi hufanyi lolote la maana. Haliuiti ugonjwa, linauweka kwenye mambo yanayotokana na shinikizo la kazi la muda mrefu lisilodhibitiwa vizuri. Lile la pili ndilo la kuchunga. Ukijikuta unawakejeli wenzako wanaosisimka, unasema moyoni "ngoja wakomae", umeshafika.

Mwili nao usisahauliwe. Mwalimu wa MDD anayekaa na ngoma sita ndani ya darasa la bati anapata kelele nyingi kuliko anavyojua. Kiwango cha usalama kinachotumiwa na wengi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda hukatwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Masikio yakianza kupoteza sauti nyembamba za juu, muziki hausikiki mdogo. Unasikika mfu, kama umefunikwa blanketi. Mlio masikioni usiku baada ya mazoezi, au kuomba watu warudie maneno, ni sababu ya kupimwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, kwake hukohuko, na usijitibu kwa tangawizi ukaendelea kufundisha. Upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huondoa hamu pia, na kipimo cha damu hukiona. Na kama umeanzishiwa dawa yoyote katika mwaka na nusu huu, mwambie aliyekuandikia. Baadhi ya dawa za sonona hufifisha hisia zote, nzuri na mbaya. Usizikate mwenyewe.

Tukiweka hayo kando, una njia tatu, na hakuna iliyo bure.

Kuacha kabisa. Utapata jioni nne za wiki, utaepuka jamu ya Jinja Road na boda ya saa nne usiku, utamlaza binti yako mwenyewe. Utapoteza watu, na nafasi yako itazibwa; usidhani watakutunzia. Wako walioacha wakaishi vizuri bila majuto, na hilo nalisema wazi kwa sababu wapenzi wa jukwaa huzungumza kana kwamba kuondoka ni kufa. Kinachonifanya nisite kwako ni kwamba hujajua bado unaacha nini: tamthilia, au daftari la fedha.

Kubaki kama ulivyo kwa kuwahurumia wenzako. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ndiyo wengi huichagua. Mwalimu wa nyimbo asiye na hamu huonekana. Waimbaji wanaanza kuimba wasikosee badala ya kuimba, na baada ya michezo miwili utakuwa umewaambukiza.

Kubadili kiti. Hapa ndipo ningekaa kwa wiki hizi sita.

Juma hili toa notisi ya uhazina, kwa maandishi, yenye tarehe ya mwisho iliyo ndani ya wiki tatu. Mambo haya huharibikia kwenye makabidhiano. Andika fedha zilizopo, madeni ya fundi cherehani, amana iliyoachwa ukumbini, na ada ya leseni kama mchezo ni wa nje. Kumbuka leseni hizo kwa kawaida haziruhusu kubadili maneno wala kukata nyimbo bila kibali, hivyo mweka hazina mpya aone mkataba wenyewe. Hesabuni mbele ya watu wawili, msaini. Kama pesa za kikundi zimekuwa zikipita kwenye laini yako ya simu, hicho ndicho kikwazo: hata ukishakabidhi daftari, fundi ataendelea kukupigia wewe. Toa taarifa ya miamala, hamisha salio lote siku moja, na wafungue laini au akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili. Mtu akisema "tusaidie kidogo tu mpaka Desemba", jibu ni hapana. Kidogo tu ndiyo iliyokufikisha miaka mitano.

Wiki tatu za mwanzo usicheze rekodi hata moja ya zile za zamani. Usiku ukitaka muziki, weka kitu usichokijua au ukae kimya.

Kuanzia wiki ya pili, tafuta watu wanne au watano, saa moja kwa wiki, sebuleni au chini ya mwembe. Chagueni wimbo ambao hakuna kati yenu anayeujua, mjifunze mistari michache kila mkutano. Hakuna maonyesho mwishoni, hakuna simu ya kurekodi, hakuna mchango. Wewe usiongoze na usiimbe sauti yako ya kawaida. Kama siku zote ni ya pili, chukua ya kwanza, ushindwe kidogo. Masharti haya yanaonekana ya kitoto lakini kila moja lina kazi: ugeni unarudisha kungoja, kutoongoza kunalipumzisha sikio la ukaguzi, kukosa maonyesho kunaondoa alama. Linaloharibu zoezi hili ni kumkosoa mwenzako mara moja. Ukianza hutaacha, na saa nzima itageuka somo. Uma ulimi.

Wiki ya nne nenda kutazama kitu ambacho huna utaalamu nacho. Wewe umekulia Busoga, ngoma ya kwenu ya tamenhaibuga utaikagua tu. Nenda ukaone agwara ya Waalur, zile tarumbeta ambazo kila mpigaji ana sauti yake na wimbo unatokea kwa kupishana, au larakaraka ya Waacholi. Kituo cha Ndere hapo Kampala huonyesha ngoma za pande nyingi za nchi. Keti mbali na fundi wa sauti. Usiende na mtu wa kikundi.

Kuhusu shule, tenga nyimbo. Unazofundisha kwa malipo zisiingie nyumbani wala kwenye yale makutano, na zako zisiingie shuleni hata kama zinafaa mashindano. Mwalimu mzuri hushawishika kutumia wimbo anaoupenda kwa sababu ataufundisha vizuri. Ndiyo, ataufundisha vizuri, na baada ya muhula mmoja atauchukia.

Asubuhi baada ya kila saa ya kuimba au kutazama, si wakati wa tukio, andika mistari mitatu: nililala vipi, nilichoka kiasi gani, na je nilijikuta nikiimba kitu bila kukusudia. Hilo la tatu ndilo dalili ninayoiamini. Msisimko wa mwili ni mgeni anayekuja akitaka. Kuimba bila kujua huonyesha kwamba muziki umerudi kukaa. Dalili nyingine ni kumsimulia mtu jambo uliloliona, bila kuulizwa.

Mwisho wa wiki ya sita soma kurasa zako. Zikiwa na uhai, rudi kwenye mchezo mpya kama mwimbaji wa kundi tu, sauti ya nyuma, bila mamlaka juu ya noti za mtu yeyote, na uwaambie hivyo kabla ya zoezi la kwanza. Omba pia angalau nyimbo mbili zipigwe na mtu aliye hai, hata kama ni kinanda kimoja na engalabi, ile ngoma ndefu; mbili zinawezekana kwa bajeti ya kikundi kidogo. Zikiwa kavu, kaa nje ya mchezo mmoja mzima, miezi sita, kisha uamue. Na zikiwa kavu huku kwaya na mpira navyo vimeanza kufifia, rudi kwenye yale maswali mawili ya wiki mbili na uende kituo cha afya.

Binti yako amekuuliza swali zuri, mjibu kwa ukweli anaouweza: mama amechoka na kazi ya nyimbo, anapumzika. Akikuomba umwimbie, mwimbie wimbo anaoutaka yeye, na akikosea mistari mwache. Siku ambazo hajaomba, osha vyombo kimya, wala usimtazame kuona kama amegundua.